Kwa nini mitaa jirani hupishana miaka 10, 20 hata 30 ya kuishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yameanza na ya msingi, yakafuata ya sababu, kisha ya kupima, na mwisho yale yanayoleta ubishi hata kati ya wataalamu. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. "Umri wa kuishi" maana yake ni nini hasa?

Ni wastani unaotokana na vifo vya sasa. Unachukua kiwango cha vifo cha kila rika katika eneo fulani, kisha unauliza: mtoto aliyezaliwa leo, akipita kwenye marika yote hayo na kukutana na viwango hivyohivyo, ataishi miaka mingapi kwa wastani? Hapo huutabiri mwisho wa mtu yeyote. Unapima hatari iliyopo mtaani hivi leo, ukiieleza kwa miaka.

Kwa kuwa ni wastani, vifo vya uchangani huushusha haraka kuliko watu wanavyodhani. Chukua watoto 100. Wakifa 10 wakiwa wachanga, na 90 waliobaki wakaishi hadi 70 kwa wastani, wastani wa wote ni miaka 63. Mtaa wa pili wakifa wachanga 2 tu, na 98 wakafika 70 vilevile, wastani ni 68.6. Wazee wa mitaa yote miwili wanalingana umri, lakini kuna pengo la miaka 5.6, na lote limetokea kabla watoto hawajaota meno.

2. Kwa hiyo ule mtaa wa jiji la Glasgow, Scotland, unaotajwa sana kwa umri wa kuishi wa miaka 54, wanaume wake wote walikuwa wanakufa wakiwa na 54?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu sababu za kijamii za afya, chini ya Michael Marmot, ilitangaza kwamba mtoto wa kiume wa Calton, mashariki mwa Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54, na wa Lenzie, kilomita 13 tu kutoka hapo, miaka 82. Pengo la miaka 28 ndani ya nchi tajiri yenye matibabu ya bure tangu 1948.

Namba hiyo haisemi kwamba mwanaume wa Calton alikuwa akifika 54 anakata roho. Wapo waliofika 80. Ila wengi mno walikufa kati ya miaka 30 na 60, kwa pombe, dawa za kulevya, ugomvi, kujiua na magonjwa ya moyo yaliyowahi mapema. Na kuna jambo ambalo wanaopenda kuinukuu namba hiyo hulisahau: Calton kulikuwa na mabweni ya wanaume wasio na makazi, waliotoka kila pembe ya jiji. Vifo vyao viliandikwa Calton. Namba ni ya kweli, lakini sehemu yake inapima watu ambao jiji liliwasukumia pale (tazama pia swali la 17).

3. Je, Glasgow ni kioja cha peke yake?

Hata kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliilinganisha mitaa ya miji 500 ya Marekani, na Chicago ikaongoza: Streeterville, kwenye majumba ya kando ya ziwa, watu huishi miaka 90, Englewood, upande wa kusini, miaka 60. Umbali wake haufiki kilomita 16. Huko Uingereza, ukilinganisha maeneo maskini kabisa na yenye nafuu kabisa, wanaume hupishana karibu miaka 10 na wanawake karibu 8. Ukihesabu miaka ya kuishi *ukiwa na afya njema*, pengo linafika karibu miaka 19. Maana yake mkazi wa mtaa duni hafi mapema tu. Huanza kuugua mapema zaidi, na miaka yake ya mwisho huipitisha kwenye foleni za kliniki.

4. Na kwetu Afrika Mashariki?

Mfano uliopimwa vizuri ni Nairobi. Utafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya chenye makao Nairobi, wa mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ulikuta watoto 151 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafiki miaka mitano. Kwa Nairobi nzima, takwimu za 1998 zilionyesha 62. Kwa vijijini Kenya, 113. Soma tena hiyo ya mwisho: mtoto wa kibandani, mwenye hospitali kubwa kuliko zote nchini kwenye upeo wa macho, alikuwa hatarini kuliko mtoto wa kijijini ambaye zahanati ni mwendo wa saa mbili.

Kwa akina mama hali ilikuwa hivyohivyo. Kati ya 2003 na 2005, kwenye mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 706 kwa kila vizazi hai 100,000. Wastani wa jiji zima haukuonyesha lolote kati ya haya. Wastani wa jiji humchanganya mkazi wa Muthaiga, mtaa wa matajiri, na wa Mathare, mtaa wa mabanda, majirani wanaotenganishwa na barabara, ukatoa mtu ambaye haishi popote.

## Sababu

5. Si umaskini tu? Kwa nini tuzungushe maneno?

Umaskini ni sehemu kubwa, lakini ukisema "umaskini" ukaishia hapo, hujaeleza unavyoua, na hujaeleza kwa nini wasio maskini nao hupishana.

Utafiti wa Whitehall, ulioanza 1967, ulifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa wafanyakazi wa serikali London. Hakuna aliyekuwa fukara: wote wana ajira ya kudumu, mshahara, pensheni na matibabu ya bure. Hata hivyo waliokuwa ngazi ya chini kabisa, kama matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu ya wakuu wao. Na si wa chini kabisa tu. Kila ngazi ilikufa mapema kuliko ile iliyo juu yake, hadi naibu kumzidi mkuu wake kwa hatari. Uvutaji sigara, shinikizo la damu na mafuta mwilini vilieleza kama theluthi moja tu ya tofauti hiyo. Kilichobaki kilielekezwa kwenye nafasi ya mtu kazini: ana sauti kiasi gani juu ya siku yake mwenyewe, anaamrishwa au anaamua.

6. Lakini si wanakunywa, wanavuta na kula vibaya wenyewe?

Wanakunywa na kuvuta zaidi, ndiyo, katika mitaa mingi duni. Swali ni kwa nini tabia hiyo ifuate mpaka wa mtaa badala ya kutawanyika ovyo. Tabia ya mtu binafsi haijui barabara gani inatenganisha kata mbili. Bei, matangazo, idadi ya baa, ajira na giza la usiku vinaijua.

Angalia Scotland. Tarehe 1 Mei 2018 serikali iliweka bei ya chini ya pombe, peni 50 kwa kila kipimo kimoja cha kilevi, ili kuua ile pombe kali ya bei ya kutupwa. Hakuna aliyehubiriwa. Tathmini ya taasisi ya afya ya umma ya huko, iliyotoka 2023, ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwenye maeneo maskini. Mwenye kutaka kubishana kuhusu "utashi" aanze hapo.

7. Mipaka hii ilitoka wapi? Mbona mitaa imegawanyika sawasawa hivyo?

Mara nyingi kuna mtu aliyeichora, na tarehe inajulikana.

Nairobi, tauni ilipoingia 1902, Bazaar ya Wahindi ilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza usafi wa Afrika Mashariki, akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi, hoja yake ikiwa ni afya. Wazungu wakapata miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaonyonya maji. Waafrika wakapelekwa mashariki, tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji kila masika. Kibera ilikuwa ardhi ya askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, waliokaa kwa miongo bila hati. Pasipo hati, mamlaka haikulaza mabomba wala kuchimba mitaro, kwa kuwa kwenye makaratasi hapakuwa na mtaa. Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi ulifutwa kwenye sheria. Bomba la majitaka lilibaki palepale lilipoishia. Majina ya uzunguni, uhindini na uswahilini bado yanatumika Dar es Salaam, na wenyeji hawahitaji ramani kuyaelewa.

Chicago ilifanya kwa penseli ya rangi. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa 1933 lilipaka ramani za miji: kijani panafaa kukopesha, nyekundu hapafai. Mitaa ya Weusi ilipakwa nyekundu. Bila mkopo huwezi kununua nyumba wala kukarabati uliyonayo. Thamani ikishuka, kodi ya majengo inayolisha shule za mtaa nayo inashuka. Miaka 80 baadaye watafiti wakiziweka ramani hizo juu ya ramani za vifo, rangi zinafuatana kupita kiasi cha kubahatisha.

8. Maji na taka vinauaje hasa? Si watu huchemsha maji?

Anza na bei. Ukinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 za Kenya, mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, imekugharimu shilingi 250. Mwenye bomba nyumbani hulipa sehemu ndogo ya hizo. Mabomba yakikauka mtungi hupanda, na familia hupunguza matumizi. Kinachopunguzwa kwanza si maji ya kunywa. Ni ya kunawa mikono, kuosha vyombo na kumsafisha mtoto aliyejisaidia. Hapo ndipo kuhara kunapopata mlango.

Kisha kuna mabomba yenyewe. Mtaani maji hufika kwa mipira ya plastiki iliyopitishwa juu ya mtaro au ndani yake, ikiwa na viungio vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Maji yakiwepo, presha huyasukuma nje kwenye nyufa. Yakikatwa, presha hugeuka, na ule ufa unanyonya kilichomo mtaroni. Maji yakirudi, lita za kwanza ndizo chafu kuliko zote, na ndizo ambazo kila mtu amepanga foleni kuzikinga. Ndiyo maana kuyaacha yamwagike dakika chache kabla ya kukinga kunasaidia, na ndiyo maana hakuna anayefanya hivyo anapolipia kila mtungi.

Kuchemsha kunasaidia, kwa gharama ya mkaa au mafuta ya taa, ambao moshi wake unabaki kwenye chumba kimoja cha mita 3 kwa 3. Utakuwa umepunguza kuhara na kuongeza nimonia. Si bahati mbaya kwamba nimonia na kuhara vimeongoza orodha ya vifo vya watoto wadogo Korogocho na Viwandani.

Taka ngumu ni hadithi ileile. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotoka 2007 uliwapima watoto na vijana 328 waishio karibu na dampo la Dandora, linalopakana na Korogocho. Karibu nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita. Risasi haimwui mtoto wiki ileile. Humpunguzia akili darasani, na baadaye humpandishia shinikizo la damu akiwa mtu mzima, wakati dampo halikumbukwi tena kama chanzo.

9. Hospitali iko karibu. Kwa nini isizibe pengo?

Kwanza, ukaribu wa kilomita si ukaribu wa kufika. Mjamzito anayetoka damu saa nane usiku kwenye uchochoro usiopita gari anahitaji watu wa kumbeba hadi barabarani, dereva atakayekubali kuja, na pesa taslimu mkononi. Kila kimoja kikikosekana huliwa dakika. Kutoka damu baada ya kujifungua kunaweza kumwua mama mzima ndani ya saa mbili.

Pili, hata tajiri wa dunia hukosea hapa. Upande wa kusini wa Chicago, ulio na majeruhi wengi wa risasi, ulikaa tangu 1991 bila kituo kikuu cha dharura cha majeruhi watu wazima, hadi kimoja kilipofunguliwa Mei 2018 baada ya vijana wa mtaani kuandamana kwa miaka.

Tatu, na hili ndilo kubwa: hospitali hupokea watu wakiwa wameshaumwa. Bima ya afya kwa wote ni jambo jema na humwokoa mtu asiuze kiwanja kwa ajili ya upasuaji, lakini Uingereza imekuwa na matibabu ya bure kwa wote tangu 1948 na Calton ilitokea ndani yake.

10. Msongo wa mawazo unaweza kweli kuua, au ni maneno ya kisasa?

Unaua kwa njia zinazopimika. Mtu asiyejua kama kibarua cha kesho kipo, kama mwenye nyumba atafunga mlango kwa kufuli, kama mwanawe atarudi salama, mwili wake hukaa kwenye hali ya tahadhari. Homoni ya kotisoli na presha hubaki juu, sukari hupanda, usingizi hukatika. Kwa wiki moja mwili unastahimili. Kwa miaka 20 mishipa inachakaa kabla ya wakati.

11. Mitaa miwili yenye umaskini sawa inaweza kupishana?

Ndiyo, na ndipo neno "kijamii" linapopata uzito. Julai 1995 joto kali liliipiga Chicago, na vifo vya ziada vikafika 739. North Lawndale na South Lawndale zinapakana, na zote zilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Hata hivyo North Lawndale ilipoteza watu 40 hivi kwa kila 100,000, na South Lawndale 4 hivi.

Tofauti ilikuwa barabarani. South Lawndale, mtaa wa Wamexiko, ulikuwa na maduka wazi, vichochoro vyenye watu, na mahali pa mzee kwenda kukaa kwenye ubaridi na kuulizwa hali. North Lawndale viwanda vilifungwa, nyumba zikaachwa magofu, maduka yakahama. Mzee alijifungia ndani, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi, na hakuna aliyebisha hodi.

Mfano wa pili ni Glasgow dhidi ya Liverpool na Manchester. Utafiti wa 2010 ulionyesha majiji hayo matatu yana ufukara unaokaribia kulingana kabisa, lakini vifo vya kabla ya miaka 65 vya Glasgow vilizidi kwa asilimia 30 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni ya sera: baada ya vita serikali ilijenga miji mipya, East Kilbride ikianza 1947, ikawachagua vijana wenye ujuzi na familia zao kuhamia huko. Waliobaki jijini ni wazee, wagonjwa na wasio na kazi, ndani ya nyumba zilizosongamana. Uchaguzi wa nani ahame ulifanyika ofisini, na mafaili yapo.

## Kupima kwenye mtaa wenu

12. Tunaweza kukokotoa umri wa kuishi wa mtaa au kata yetu?

Mnaweza, kwa karatasi ya hesabu ya kompyuta, mkiwa na vitu viwili: idadi ya wakazi kwa rika na jinsia, na vifo vya miaka mitano kwa rika na jinsia. Mtaa wenye wakazi chini ya 5,000 unganisheni na wa jirani unaofanana nao. Marika ni: chini ya mwaka 1, miaka 1–4, kisha mitano mitano (5–9, 10–14…) hadi 85 na kuendelea.

Kwa kila rika gawanyeni vifo kwa miaka-watu, yaani wakazi mara miaka ya uchunguzi. Mfano: rika la 40–44 lina watu 1,200, na ndani ya miaka mitano wamekufa 36. Miaka-watu ni 6,000; kiwango ni 36 ÷ 6,000 = 0.006. Kigeuzeni kiwe uwezekano wa kufa ndani ya rika: (5 × 0.006) ÷ (1 + 2.5 × 0.006) = 0.0296. Kwa maneno mengine, kati ya watu 1,000 waliofika 40, kama 30 hawatafika 45.

Sasa anzeni na watoto 100,000 wa kufikirika, muwashushe rika hadi rika. Waliovuka rika la miaka mitano wahesabieni miaka 5 kila mmoja. Waliofia humo, 2.5. Rika la 1–4 lina upana wa miaka minne, kwa hiyo badilisheni namba zifuate. Kwa wachanga msitumie nusu ya mwaka bali kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu wengi wao hufa wiki za mwanzo. Rika la mwisho gawanyeni waliobaki kwa kiwango chake cha vifo. Jumlisheni miaka yote, gawanyeni kwa 100,000.

Linaloharibika mara nyingi: vifo kuandikwa vilikotokea badala ya anakoishi marehemu (kata yenye hospitali ya rufaa itaonekana machinjioni), mipaka ya kata kubadilishwa katikati ya miaka mitano, na umri kukadiriwa, ukaona watu wengi ajabu wenye miaka 40, 50 na 60 kamili.

13. Njia rahisi si kutafuta wastani wa umri wa waliofariki?

Ni rahisi na inapotosha. Mtaa wenye vijana wengi utakuwa na marehemu vijana hata kama ni salama, kwa kuwa wazee wa kufa hawapo. Mitaa ya mabanda imejaa watu wa miaka 20 na 30 waliofuata kazi. Ukilinganisha wastani wa umri wa marehemu wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na wa mtaa wa wastaafu, umelinganisha umri wa wakazi.

14. Vifo vingi havisajiliwi. Tufanyeje?

Kenya, kifo cha hospitali hujazwa fomu D1 na cha nyumbani fomu D2 kwa naibu wa chifu. Tanzania Bara usajili uko chini ya RITA, wakala wa serikali. Kwa vitendo, watu hutafuta cheti cha kifo pale panapokuwa na mirathi, akaunti ya benki au mafao. Aliyekufa bila mali hana wa kumtafutia cheti. Matokeo yake ya kuchekesha, kama si ya kusikitisha: kwenye daftari mtaa wa wenye nacho unaweza kuonekana una vifo vingi zaidi.

Pasipo usajili wa kuaminika, acheni umri wa kuishi, pimeni vifo vya watoto. Waulizeni wanawake wa miaka 15–49, kwa mapande ya miaka mitano: umezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi bado wako hai? Ulizeni kwa utaratibu: wanaoishi nawe, wanaoishi kwingine, waliofariki. Swali moja la jumla humfanya mama amwache nje mtoto aliyefariki siku ya pili. Mtaalamu wa takwimu za watu, William Brass, alibuni jinsi ya kugeuza majibu hayo kuwa makadirio ya vifo vya watoto, na majedwali ya hesabu hiyo yanapatikana kwa wanatakwimu wa serikali.

Kwa chanzo cha kifo, vituo vya kufuatilia wakazi kama vile Ifakara, Kilifi na Nairobi hutumia mahojiano na aliyemuuguza marehemu: dalili gani, zilianza lini, zilifuatana vipi. Subirini arobaini ipite kabla ya kwenda kuuliza, ila msikae mwaka, dalili husahaulika.

15. Wagonjwa wetu hurudi kijijini kufia huko. Hilo linaathiri hesabu?

Sana. Mtu huugua mjini, pesa zikaisha, ndugu wakampandisha basi. Kifo kikaandikwa kijijini, au kisiandikwe. Mtaa wa mjini unaonekana salama kuliko ulivyo, na kijiji kinabeba lawama ya kifua kikuu cha mjini. Makaburi ya jiji hayasaidii pia, maana hata wanaofia mjini wengi husafirishwa kuzikwa kwao. Dawa yake ni kuuliza kila kaya: ndani ya miezi 12 nani ameondoka, aliondoka mzima au mgonjwa, na yuko wapi sasa?

## Yenye utata

16. Kwa nini mitaa mingine maskini ya wahamiaji huishi muda mrefu?

Kwa sababu mbili zinazosaidiana. Anayethubutu kuhama nchi huwa kijana mwenye nguvu, kwa hiyo mtaa unapokea watu waliokwisha kuchujwa. Na baadhi hurudi kwao wakiugua, kama ilivyoelezwa katika swali la 15. Ongeza watu wanaojuana, kama South Lawndale (swali la 11). Msiharakishe kusema ni chakula chao.

17. Umri wa kuishi wa mtaa wetu umepanda miaka 6. Tumefanikiwa?

Angalieni kwanza kama watu ni walewale. Bomoabomoa ikiwahamisha wapangaji, ghorofa zikajengwa, wakaja wenye mishahara, namba itapanda bila mtu hata mmoja kupata nafuu. Waliohamishwa wamepeleka vifo vyao kata nyingine. Calton nayo, mabweni yake yalipofungwa, huenda sehemu ya kupanda kwa namba ilitokana na hilo. Kipimo cha haki ni kuwafuatilia watu, si viwanja.

Kupanda kwa kweli kupo. Mitaa ya mabanda ya Nairobi ilipopimwa tena 2012, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vimeshuka hadi karibu nusu ya vile vya 2000. Chanjo na dawa za kupunguza makali ya VVU zilikuwa zimefika.

18. Nikihamia mtaa wa wenye nacho, nitaongeza miaka?

Hili lilijaribiwa kwa bahati nasibu. Kuanzia 1994 serikali ya Marekani ilichukua familia zipatazo 4,600 za nyumba za umma katika majiji matano, Chicago likiwemo. Baadhi zikapewa hati za kulipia kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Baada ya miaka 10 hadi 15, wanawake waliopewa nafasi hiyo walikuwa na unene wa kupindukia na kisukari kidogo kuliko wasiopewa. Kipato cha watu wazima hakikubadilika. Watoto waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kupata, ukubwani, kipato cha juu kwa karibu theluthi moja. Waliohama wakiwa wameshavuka umri huo hawakufaidika, na wengine walipoteza kidogo, pengine kwa kung'olewa kwenye shule na marafiki.

Kwa mtu mzima, basi, kuhama kunaweza kuipa nafuu sukari na uzito wako. Miaka ya utotoni hairudishwi kwa kubadilisha anwani, na aliyebaki kwenye chumba ulichoacha anakunywa bomba lilelile.